Wasifu wa Fundi Mipini, Aliyeuawa Karakanani Mwake

Ndugu yetu, mliyemzoea kwa jina la Fundi Mipini, alizaliwa tarehe 14 Machi 1979, mtoto wa nne kati ya sita. Alimaliza darasa la saba mwaka 1993, akasomea useremala miaka miwili.

Mwaka 1998 alifungua karakana nyuma ya soko. Hakumtengenezea mtu mpini wa nyundo au shoka bila kumpima kiganja, na vipimo alivichoma kwa chuma cha moto mwishoni mwa mpini. Mteja akimharakisha, alijibu, "Basi kanunue mkono mwingine."

Mwaka 2004 alimwoa shemeji yetu, ambaye alikuwa amemletea jembe. "Alinipima kiganja mara tatu," husema shemeji. "Ya tatu nikajua hapa hakuna jembe." Walijaliwa watoto watatu.

Marehemu hakuugua. Tarehe 6 Februari mwaka huu, saa tisa alasiri, alipigwa nyundo kichwani mara saba. Taya lilivunjika, jicho la kushoto lilipasuka, na vidole vinne vya mkono aliojikingia vilisagika. Nyundo iliachwa pale pale. Vipimo vya mpini niliviona mwenyewe: vya mkandarasi wa lile jengo lililoporomoka, ambaye ndugu yetu alikuwa atoe ushahidi dhidi yake wiki iliyofuata.

Mkuu wa kituo cha polisi aliiokota nyundo kwa mkono mtupu. Akatuambia, "Mnaacha damu ya mtu wenu ikanyagwe hivi?" Tuliona aibu. Mimi, kaka wa marehemu, ndiye niliyeleta ndoo, tukaosha sakafu. Kesho yake mkuu huyo akasema ushahidi tumeuharibu sisi. Nyundo haimo katika orodha ya vielelezo. Juma lile lile alikuja kwetu akiendesha gari la mkandarasi.

Polisi walituzuilia mwili siku kumi na tisa, wakimwambia shemeji: "Saini hapa kwamba aliteleza, mama, ukazike."

"Afande, mtu anateleza mara saba?"

Shemeji hakusaini. Mwili tumeupata jana kwa amri ya mahakama.

Marehemu ameacha mama, mjane, watoto watatu, ndugu watano, na majirani wenye maduka sita yaliyokuwa wazi saa ile. Hao walimsikia akipiga kelele, wapo hapa, na hawajaandika maelezo. Mahakama inawasubiri Jumatatu, saa tatu asubuhi.

Mungu ampumzishe ndugu yetu.