Mnanaa wa Mke wa Kinyozi

Benchi letu liko kati ya duka la Kinyozi na meza ya Daktari, ambaye hajawahi kumtibu mtu, hutengeneza saa. Mimi ndiye mwenye birika, na kwa miaka tisa nimesikia hapa mambo ya kumfanya mtu azibe masikio. Jumanne ile Kinyozi alikuja na macho mekundu na fungu la mnanaa, vitawi kumi na viwili vilivyofungwa uzi. Mkewe ana mimba ya miezi miwili, na siku nne nzima hakuna kilichokaa tumboni isipokuwa maji ya mnanaa. Sokoni mnanaa unaletwa siku anayojisikia muuzaji. Kwa hiyo ameamua kuupanda nyumbani, na kwa bahati mbaya akapita kijiweni kuuliza.

— Jamaa zangu, huu unapandwa lini, na vipi? Mwenzangu anakwisha.

— Umefika penyewe! akasema Spika, seremala mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya barabara. Lete nione.

Akachuma majani manne, akayafikicha, akanusa, akatia mdomoni.

— Huu dume.

— Mnanaa una dume?

— Kila kitu kina dume, bwana! Dume hupandwa asubuhi, jike jioni. Ukikosea, unaota lakini haunukii.

— Acha zako, akasema Daktari. Mmea ni saa tu. Unapokichomeka kitawi, unakizungusha kulia, hivi. Ukizungusha kushoto, kinaota kurudi chini.

Akazungusha vitawi vitatu kutuonyesha. Majani yaliyopukutika akayatia kwenye kahawa yake.

— Jamani, mimi ninao nyumbani mwaka wa sita huu, nikasema.

— Mama Birika, ongeza kahawa kwanza. Tuko kwenye mambo mazito.

Nikaongeza. Kazi yangu kuuza kahawa, si kugombana na watu wenye ndevu.

Hapo Makaratasi akakohoa. Huyu ni karani mstaafu, na akikohoa ujue kikao kimefunguliwa.

— Mnampoteza kijana wa watu. Mnanaa una wivu. Mwenzangu mmoja ofisini aliupanda chini ya dirisha la chumba. Baada ya mwezi ukaingia ndani, ukapanda kitandani.

— Kitandani?

— Ukalala upande wa ukutani. Mkewe akarudi kwao.

Akachuma naye, akatafuna taratibu, kwa huzuni ya yule mwenzake.

— Basi dawa yake upandwe saa sita kamili, akasema Daktari, jua halina upande. Lakini si kwa saa ya kubahatisha. Iwe saa iliyotengenezwa na fundi anayejulikana.

— Fundi gani?

— Sikutaka kujisifu.

Wakabishana mpaka birika likakauka. Kila hoja ilichumiwa ushahidi, na Kinyozi mwenyewe, kwa mawazo, alikuwa akitafuna kuliko wote.

Ndipo mkewe akatokea, kitambaa puani, mkono ukutani. Kwa kawaida hapiti hapa. Harufu ya kahawa humkimbiza akiwa bado kona ya pili.

— Shikamoo, mama.

— Marahaba, mwanangu.

— Wewe, akamgeukia mumewe. Mnanaa wangu uko wapi?

Kwenye benchi kulikuwa na uzi na vijiti kumi na viwili, vitupu. Kinyozi akajaribu kumeza haraka, akapaliwa.

Nilimwonea huruma yule binti, na wale wanaume walinichefua. Nikachukua kopo tupu la kahawa, nikalitoboa chini kwa msumari wa Spika, nikajaza udongo wenye unyevu, nikachomeka vijiti bila kuvizungusha popote.

— Vifundo ni vizima, na mizizi hutokea hapo hapo. Mvua ndiyo kwanza imeanza, wakati ndio huu. Liweke penye jua la asubuhi na kivuli cha mchana, udongo usikauke. Na uache humo humo kwenye kopo. Ukiupanda chini utakula ua mzima. Baada ya wiki mbili utaona majani.

— Wiki mbili! Na leo je?

Machozi yakamlenga. Akamsogelea mumewe apate kumsema vizuri, mdomo tayari. Akasita. Akatoa kitambaa puani. Akamnusa Kinyozi, akamnusa Spika, akainama akamnusa na Makaratasi, mzee wa watu akakaa wima kama yuko kwenye usaili.

— Mnanukia nyote.

Akawasukuma, akajibana katikati ya benchi, akavuta pumzi ndefu. Uso wake ukakunjuka; nilikuwa nimeusahau ulivyo mzuri.

— Haya, endeleeni. Mlikuwa mnasema unapandwa lini?

Wakatazamana. Spika akaangalia viatu. Daktari akafungua mdomo, akaanza kuufunga.

— Usifunge, baba, akasema yule binti. Nakuomba.