Mama Apiyo na Mkebe wa Vifungo

Miaka thelathini na moja, jamani! Mama Brigid Apiyo aliingia chumba cha dobi cha chuo chetu cha uuguzi Januari 1994, na Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba 2025, anastaafu. Tunamshukuru Mungu aliyempa afya, maana kufua yunifomu za wanafunzi mia mbili katika baridi ya Eldoret ya mwezi wa saba si mchezo. Mimi Hellen nimepiga pasi kando yake miaka kumi na tisa, ndiyo sababu nimepewa kazi ya kuandika. Sikusoma sana, lakini Mama namjua.

Alianza kufua kwa mikono, kwa sababu mashine ilikuwa moja na ilivuja. Mwaka wa 2003 akafanywa msimamizi wa dobi. Chini yake haijapotea hata soksi. Mwalimu Vincent aliwahi kuleta malalamiko ya soksi moja, na Mama akamwomba kwa heshima avue viatu. Alikuwa amevaa zote mbili mguu mmoja.

Lakini mambo yenyewe ni vifungo.

Kila wiki yunifomu kadhaa zilikuwa zinakosa kifungo. Mwanafunzi anakuja mwenyewe ameshika yunifomu yake, Mama anamsukumia mkebe wa vifungo na sindano, anamwambia ashone mwenyewe, kwani huko wadini atamdunga mgonjwa vipi kama sindano ndogo hivi inamshinda? Halafu anammiminia chai. Mtoto anakaa kwenye benchi letu, kati ya kapu la shuka na meza ya pasi, anashona kifungo kimoja saa nzima.

Mimi na kiherehere changu nikaenda stoo kumshtaki fundi anayezishona yunifomu kwamba anatumia uzi mbovu. Fundi mwenyewe, Mzee Okumu, akaja kutoka mtaa wa Langas amewaka, tepu bado shingoni. Akavuta kifungo kimoja kimoja mbele yetu mpaka vidole vikawa vyekundu. Hakuna kilichotoka. Ndipo akavaa miwani, akaangalia mahali palipokosa kifungo.

"Mama Hellen," akaniambia, "huu uzi haujakatika. Umekatwa. Na mkasi!"

Nilitamani kuingia ndani ya mashine. Mama Apiyo alicheka mpaka akakaa chini. Kumbe alijua tangu zamani. Wanafunzi walikuwa wanakata vifungo wenyewe wapate sababu ya kukaa kwenye lile benchi. Mwanafunzi wa uuguzi akisema amelemewa, anaogopa ataambiwa kazi haimfai. Lakini akisema amepoteza kifungo, nani atamuuliza? Mama alinisihi ninyamaze, nikanyamaza. Leo ameniruhusu kusema.

Mwaka wa 2016 tulikuwa na Nyaguthii, binti wa Moi's Bridge, mwaka wa pili. Kwa wiki mbili alikuwa amemlisha mgonjwa mmoja mzee uji kwa kijiko. Siku moja akaenda chai, aliporudi akakuta kitanda kimetolewa shuka. Akaja dobi na yunifomu mkononi, vifungo vyote saba vimekatwa. Begi lake lilikuwa mlangoni. Akasema tuirudishe stoo, yeye anaenda nyumbani, muuguzi gani huyu wa kuacha mtu afe peke yake.

Nilianza kuomba moyoni. Mama yeye akahesabu nafasi za vifungo, akafungua mkebe.

"Leo tunashona kimoja tu," akamwambia. "Kesho kingine. Ukimaliza saba na bado unataka kwenda, begi nitakubebea mimi mwenyewe mpaka stendi."

Kesho yake Nyaguthii aliingia wadini na kifungo kimoja na pini sita. Wenzake wakamwita Pini. Siku ya tatu akamtaja yule mzee kwa jina, akalia juu ya shuka nilizokuwa nimemaliza kupiga pasi. Nilizirudia zote, na nilizirudia kwa furaha. Siku ya nne Mama alimshika mkono hadi mlangoni kwa Bi. Brenda, mshauri wa wanafunzi. Alisema yeye ni wa vifungo, kuna mengine yanataka mtu aliyesomea. Siku ya saba kifungo cha mwisho kikaingia. Nyaguthii akabeba begi lake mwenyewe, akapanda nalo ngazi za hosteli.

Sasa ni Mwalimu Nyaguthii, hapa hapa chuoni! Kila darasa jipya likifika analiambia wazi kwamba mlango wa Bi. Brenda na benchi la dobi havihitaji mkasi. Vifungo vinapotea kidogo siku hizi, lakini benchi halina nafasi.

Wiki hii yote Mama amekuwa akiimba nyimbo za kanisa akituambia yuko sawa kabisa, anaenda kwake Muhoroni kupanda sukuma wiki, tusimsumbue na huruma zetu. Juzi Jumatano akaingia na sweta yake ya buluu, kifungo cha juu hakipo. Nikaangalia uzi. Ulikuwa umekatwa, tena vizuri.

Nilisogea kwenye benchi, nikamimina chai, nikamsukumia mkebe. Mwalimu Nyaguthii akapita, akaona, akaja kukaa upande wa pili. Tulikaa hivyo mpaka chai ikapoa, na Mama akashona kifungo kimoja saa nzima.

Mama, kwa niaba ya wote uliowashika wakasimama, asante. Mungu atangulie mbele yako, mboga zako zikubali, na siku zako za kupumzika ziwe nyingi na za furaha. Mkebe umetuachia, na tutautunza. Hiyo sweta bado ina vifungo vinne vingine. Ukikata kingine, njoo.