Shangazi Viraka Anatuachia Mianya Yetu

Baada ya miaka ishirini na sita ya kuwaambia waandishi wa programu kwamba kazi yao inavuja, Shangazi Viraka anastaafu rasmi leo, Ijumaa tarehe 30 Juni. Mkurugenzi amesema tusilie. Wengine tumeshaanza.

Kazi yake ilikuwa kupokea taarifa za watu wa nje waliogundua mwanya wa usalama kwenye programu zetu, kisha kutusukuma hadi tutoe kiraka cha kuuziba. Kabla yake tulikuwa na utaratibu wetu: kwanza tunakana, kisha tunasema programu imekusudiwa iwe hivyo hivyo, mwisho tunamtishia mtoa taarifa kwa mwanasheria. Shangazi aliufutilia mbali. Alimpigia simu kila mtoa taarifa, akamshukuru, akamuuliza habari za nyumbani, ndipo akatuvamia bila hodi. Tukisikia viatu vyake kwenye korido, watu wazima na ndevu zetu tulikimbilia chooni.

Hatusahau siku muuguzi mmoja alipotueleza kwamba kwenye programu yetu ya hospitali, ukibadilisha namba moja tu kwenye anwani iliyo juu ya ukurasa, unasoma faili la mgonjwa yeyote. Mkurugenzi alikuja juu. Akaagiza muuguzi ashtakiwe, wateja watangaziwe kwamba mambo ni shwari, na Shangazi asipotia saini tangazo hilo, afungashe virago. Shangazi akagoma. Aliomba ruhusa ya jambo moja: aujaribu mwanya huo kwa faili la mkurugenzi mwenyewe, ambaye naye hutibiwa hospitali hiyo, likionyeshwa ukutani mbele ya kikao. Kwa kujiamini kwake, bosi akakubali. Lo! Sote tukasoma kwamba baba yule wa kifua kipana huzimia akiona sindano, na mkewe humshika mkono.

Kiraka kilitoka siku hiyo hiyo. Wateja waliambiwa ukweli, muuguzi akaombwa radhi, na Shangazi akabaki mezani pake.

Si malaika, jamani. Husahau neno lake la siri kila akitoka likizo, na lawama humwangukia fundi wa kompyuta.

Shangazi, ahsante kwa kutukera. Kuna wagonjwa wengi wasiokujua ambao siri zao zimebaki zao kwa sababu yako. Tunakuombea afya, mapumziko marefu, na wajukuu wasiochezea simu yako. Akaunti yako ya kazini tumeifunga leo asubuhi, au tunadhani tumeifunga. Hebu jaribu kuingia Jumatatu. Ukifaulu, tafadhali tupigie sisi kwanza.