Risasi Zilizokosa Jicho la Masoomah

Sogeeni karibu, wanangu, Ashif kulia na Naseem kushoto, mnisikilize bila kunikatiza, kwani pumzi niliyobaki nayo haitoshi kubishana. Kiingereza chenu mtanijibu baadaye. Mimi nawausia kwa Kiswahili cha Singida, ndicho mama yenu Masoomah alichonikaripia nacho tangu tulipooana hadi tulipomlaza kaburini majira ya baridi yaliyopita.

Nyumba hii ya Thornhill, huku ugenini, iuzeni, mgawane kama dini inavyosema, wala msigombane, maana vita vya panzi furaha ya kunguru. Naseem, ulinuna nilipokataa kuhamia kwako. Sikuikataa nyumba yako, mwanangu, nilishindwa kuiacha meza yangu ya chumba cha chini. Bunduki ni ya Ashif, mwenye kibali. Lakini zile risasi nilizozijaza baruti mwenyewe mezani pale si urithi wa mtu.

Ashif, kila msimu wa kuwinda uliniuliza kama kujaza risasi nyumbani kunaokoa pesa, nami nikakujibu kwamba haba na haba hujaza kibaba. Leo sikiliza vizuri. Risasi moja moja, ndiyo, ni nafuu kuliko ya dukani, kwa kuwa ganda lake la shaba unalitumia tena na tena. Lakini mtu akishaona nafuu hupiga maradufu, kisha hununua mizani ya baruti iliyo bora kuliko ile ya jana, na mwisho wa mwaka mfuko ni uleule. Mama yenu alilijua hilo mapema akaniacha, akisema mume aliye chini ya ngazi ni rahisi kuitwa kula kuliko mume aliye barazani kwa watu.

Baadaye akashuka mwenyewe. Mimi nilipima baruti na kuitia ndani ya ganda, yeye akamulika kwa tochi ndogo na kuchungulia, kwa kuwa baruti ikizidi bunduki humpasukia mpigaji usoni, na hakuna ganda lililofungwa kabla hajasema, "Nimeona, funga." Ndivyo tulivyozeeka. Ninyi mmeshaondoka, theluji imeziba dirisha, na sisi wawili tunabishana kuhusu chumvi ya mchuzi huku yeye akichungulia maganda. Wanangu, faida niliyoipata ni hiyo, na ilinitosha.

Alipokufa niliendelea, kwa sababu mikono ilikataa kukaa bure, na nikikaa pale nilikuwa kama ninamsikia. Macho yalishaingia ukungu, mkono unatetemeka, tochi ipo palepale wala hakuna wa kuishika. Nikazipanga risasi za upweke wangu pamoja na zile alizozitazama yeye, masanduku yaleyale, rangi ileile, na sasa hata mimi siwezi kuzitenga.

Najua, Ashif, ulitaka kwenda nazo kaskazini kuwinda kulungu, uisomee bismillah risasi aliyoitazama mama yako. Naumia kukunyima. Hata mimi ningependa ibaki japo moja. Lakini wahenga walisema usisafirie nyota ya mwenzio, na sisi wajazaji tuna mwiko wetu: risasi iliyojazwa na mkono wa mwingine haipigwi, awe baba, awe rafiki, na aliyeijaza akifa ndiyo kabisa. Mwiteni Kipchirchir, mwenzangu wa klabu ya shabaha, azifungue zote na baruti aipeleke anakojua. Zote, Ashif, pamoja na lile sanduku ulilolipeleka garini jana ukidhani nimelala. Lilete. Nenda sasa, nakungoja.

Naseem, niinulie mto... Hivyo. Mkono wako una baridi kama wa mama yako. Usiuondoe.

Huo ni mlango. Haya, baba, njoo. Liweke hapa kifuani, niusikie uzito wake... Ndilo. Usilie, baba. Mwana akisikia, mzazi hufa ametulia.

Nimewaridhia nyote wawili, duniani na akhera. Mungu awape riziki ya halali, na kila mmoja wenu ampe mtu wa... wa kumtazamia kazi yake. Nilazeni kando ya Masoomah. Na siku ya kunikafini, kabla hawajanifunika uso, mmoja wenu ainame... anitazame vizuri, asifanye haraka... kisha aseme kama alivyosema mama yenu.

Nimeona... funga.