Usukani Uliolalia Kulia

Fundi baiskeli aliuliza tu kama kiti kina mtu. Treni ilipofika kituo cha tatu, alishajua habari zote za bega la kushoto la jirani yake, mpeleka barua mstaafu.

"Nataka baiskeli ya kasi, ila bega halitaki niiname," mzee alisema.

"Chukua yenye usukani wa juu, ukae wima. Matairi yakiwa membamba, mbio utazipata tu."

"Na usukani wenyewe uelekee wapi?"

Fundi alimtazama. Kwa kawaida usukani huelekea mbele.

"Ile yangu ya posta, usukani ulilalia kulia kidogo," mzee alisema, sauti imelainika. "Miaka ishirini na sita mkono wa kushoto unaufuata. Lakini ilikuwa inapaa, bwana. Nikikata kona ya hospitali, wauguzi wananipungia. Nataka iliyopinda vilevile."

Fundi akakohoa. Mwaka wake wa kwanza kazini, baiskeli zote za posta zilipita mikononi mwake, naye alikaza usukani kwa kukadiria kwa macho tu.

"Labda huo ndio uliokuumiza bega, mzee wangu. Safari hii ufungwe sawasawa."

"Usiniharibie. Aliyeufunga alijua anachofanya."

"Pengine alikuwa anajifunza kazi."

"Yule? Yule alikuwa fundi hasa."

Treni ikasimama. Mzee akainuka taratibu, bega moja chini.

"Ningemjua, ningempa mkono," alisema, akamnyooshea fundi ule wa kulia, ulio mzima, kumuaga.

Fundi akaupokea.