Michel Bulaimu na Mkuyu wa Upande Usio na Miti

Ndugu, majirani, na ninyi mliotoka vijijini kwa miguu na jua hili, poleni na safari. Leo Alhamisi, tarehe 7 Machi 1957, hapa Kasongo, tunamzika mtu ambaye hakutulia mahali pamoja tangu alipojua kutambaa. Familia imeomba wasifu wake usiwe mrefu, kwa sababu mmesimama, na makaburi ya Waafrika hayana hata mti wa kuegemea. Tutajitahidi.

Marehemu Michel Bulaimu alizaliwa Kabambare karibu na mwaka 1906. Siku yenyewe haijulikani. Ile tarehe 12 Oktoba iliyo kwenye kitambulisho chake ni siku aliyobatizwa. Baba yake alikuwa mzee Hemedi, mkulima wa mpunga, na mama yake Fatuma. Jina la Bulaimu alipewa na babu yake Mwislamu, la Michel alipewa na padri, naye aliitikia yote mawili mradi anayeita awe na chakula. Nyumba yao ilizungukwa na miti mpaka mgeni alipita bila kuiona. Alikulia kivulini, wala hakujua kwamba kuna mahali kivuli huombewa ruhusa.

Mwaka 1917 aliletwa Kasongo kwa mjomba wake, akaingia shule ya misheni. Kusoma alikuweza, kuketi ndiko kulikomshinda. Mwalimu alimtoa darasani akamwagilie bustani ya mapadri, adhabu aliyoipenda kuliko hesabu, kwa hiyo akafanya makosa kwa bidii. Aliacha shule mwaka 1921 akiwa anajua kusoma, kuandika barua na kuotesha mche wowote uliopandwa na mwanadamu.

Alibeba mizigo kati ya Kasongo na Kabambare kwa muda, kisha mwaka 1929 akaajiriwa katika kikundi cha usafi wa mji, na baadaye akawa kapita, yaani msimamizi wake. Wazee mnakumbuka miaka ile. Mji uligawanywa: Wazungu juu kwenye kilima, sisi huku chini kwenye cité, mtaa wa Waafrika, na katikati pori lililofyekwa likawa tupu, ili mbu wetu wasiruke kwenda kwao. Mbu wenyewe hawakuulizwa. Upande wetu ilitolewa amri miti ikatwe, ikasemwa kwamba majani yanafuga mbu na nyumba hazionekani kwa mstari. Upande wao miti ilipandwa kando zote mbili za barabara, ikasemwa kwamba jua linaua Mzungu. Na kila mtu alijua sababu ya tatu isiyosemwa: kwetu, aliyepanda mti ana neno juu ya ardhi, na kwenye viwanja vya cité tulikaa kwa ruhusa tu.

Kazi zote mbili zilifanywa na kikundi kimoja. Asubuhi walishika shoka huku chini, jioni wakashika miche kule juu. Bulaimu aliikata miti yetu na kuipanda yao. Hatumchongei, yeye mwenyewe alilisema mbele ya watu, na lilimkera hadi alikuwa akiinuka katikati ya chakula na kwenda kusimama nje. Tangu hapo alitaka jambo moja tu duniani: mti mmoja juu ya mlango wake, upande wetu.

Hata ndoa yake ilianzia kwenye shoka. Mwaka 1932 alitumwa kukata mparachichi wa Mama Waridi, mjane aliyekuwa na binti mmoja. Mama Waridi hakulia wala hakutukana. Alitazama mpaka mti ukaanguka, akamwambia, "Kata tu, mutoto yangu. Lakini siku utakuja kutafuta bibi kwa hii nyumba, kiti yako nitaiweka pale pale, kwa jua." Mwaka uliofuata alikuja kumposa binti, Emilienne. Kiti kilikuwa pale pale, juu ya kisiki. Wazee wa pande mbili walizungumza kwenye baraza, polepole kwa makusudi, na Bulaimu asiyejua kuketi aliketi juani tangu asubuhi hadi jua lilipopinduka, jasho likimtiririka, bila kusogea. Mama Waridi alisema, "Huyu anaweza." Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 14 Oktoba 1933, na Mungu akawajalia watoto wanne.

Mwaka 1948 aliomba ruhusa ya kujenga ua, akapewa, maana ua haukukatazwa. Akasafiri mpaka Kabambare, akarudi na nguzo moja ya mkuyu begani. Hakuna mtu wa huku asiyejua kwamba nguzo mbichi ya mkuyu, ukiisimika wakati wa mvua, haitakubali kubaki nguzo. Aliisimika karibu na mlango, mahali ambapo ua haukuhitaji nguzo hata kidogo. Ikachipuka. Basi kila Ijumaa, kabla ya ukaguzi wa usafi wa Jumamosi, alitoka na panga akayakata machipukizi yote. Emilienne alimtania mbele ya wageni, "Hii nguzo gani inanyolewaka nywele kila wiki?" Naye alijibu, "Nyamaza, mama. Inakomaa." Miaka ikapita, shina likinenepa, na yeye akizunguka nyumba kutwa nzima kama mtu aliyepoteza kitu, akiogopa kulikata na akiogopa kuliacha.

Ugonjwa wa kifua ulimwanza mwaka 1954, akaacha kazi. Nyumba yake, kama zetu, ni ya mabati, na mchana ndani yake unaweza kukaanga karanga. Muuguzi wa zahanati alimwambia apumzike mahali penye ubaridi na upepo. Mahali hapo alipajua vizuri. Alipanda kilima kwa fimbo, akaketi chini ya mmoja wa miti yake kando ya barabara ya Wazungu. Polisi kijana akaja, akavua kofia kwanza, maana alimheshimu.

"Baba, hapa haiko ya kuikala."

"Huu muti nilipanda mimi."

"Najua, baba. Ulipanda kwa kazi."

Alishuka. Ijumaa iliyofuata hakutoa panga, wala Ijumaa nyingine yoyote. Mvua mbili hazikupita, mkuyu ukafunika mlango, ukafunika ua, ukavuka kwa jirani. Kina mama walileta vinu vyao, watoto wakaleta kelele zao, na wagonjwa wengine wakaleta mikeka. Bulaimu alilala pale, na hata kulala hakukumtuliza: aliuvuta mkeka kukifuata kivuli kilivyozunguka, akiwahamisha watu na sufuria zao. Tulimgombeza. Sasa tungempa ulimwengu mzima auvute mkeka huo mara moja tena.

Mwezi uliopita Bwana wa usafi, Mzungu anayekagua nyumba zetu, alipita, akauona. Aliamuru mkuyu uwe chini ifikapo Jumamosi, tarehe 9 Machi, yaani keshokutwa. Usiku wa Jumapili mmoja wa vijana waliofundishwa kazi na marehemu alikuja kumtazama. Hatumtaji jina kwa sababu ana watoto.

"Baba," alisema, "kama wananituma, nitakata."

"Utakata. Hata mimi nilikata."

Kijana akasema, akitazama chini, "Lakini shoka haiingiaka mahali ya kilio. Hata wakitufunga, hakuna mwenye atainua mukono."

Bulaimu alimtazama mkewe. Emilienne alianza kulia, na kijana akaaga. Marehemu alifariki Jumatano, tarehe 6 Machi, saa nne asubuhi, juu ya mkeka wake, mkono mmoja ukiwa umeshika pindo ili auvute.

Ameacha mjane, Mama Emilienne, watoto, Odile, Jean-Baptiste, Clémentine na Célestin, wajukuu, na mama mkwe wake, Mama Waridi, ambaye leo amekataa kuletewa kiti.

Familia inatangaza kwamba matanga yanakaa nyumbani kwa marehemu, chini ya mkuyu, kuanzia mkirudi kutoka hapa. Njooni na mikeka. Mjue pia kwamba kwa desturi yetu ya Kabambare, matanga hayaondolewi mpaka wajomba wa marehemu wafike kufagia majivu ya moto wa kilio kwa mikono yao. Wajomba wametumiwa habari. Ni wazee, mito imejaa, na barabara mnaijua ilivyo wakati wa mvua.

Tumewaomba wasiharakishe.

Bulaimu, pumzika kwa amani. Sisi tunakwenda kukaa.