Bi. Teresia Buya na Miche ya Kulesa

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, Bi. Teresia Buya, afisa wa kilimo katika kituo chetu hapa Garsen, anastaafu tarehe 31 Julai. Alianza kazi kwa baiskeli, akapanda cheo hadi pikipiki, na pikipiki tatu zimemfia mikononi kwa matope ya bondeni. Yeye bado yuko imara.

Wakulima wengi wa maembe, kuanzia Kinakomba hadi huku chini, walijifunza kubebesha miche, yaani kuunganisha kikonyo cha mwembe bora kwenye mche mwingine, kwa kutazama mikono yake. Mchelewaji wa mafunzo hapewi chai, hata awe chifu.

Ametuagiza tusimsifu bila kutaja Kulesa, kijiji alichozaliwa. Tunatii shingo upande.

Miaka tisa iliyopita alirudi kutoka kozi na elimu mpya kuhusu jinsi seli za mmea zinavyopokea sukari. Akawaeleza watu wa Kulesa kwamba kila seli imezungukwa na utando, na sukari haiupenyi ovyo. Kwenye utando huo kuna protini zilizo kama milango: huishika sukari na kuiingiza ndani. Bila milango hiyo seli hufa njaa, na sukari iko pale nje. Wakulima walifurahi mno. Ila sentensi moja aliiruka, akidhani kila mtu anaijua: sukari hiyo mmea hujitengenezea wenyewe, majanini.

Basi wiki hiyo Kulesa nzima ilikunywa chai isiyo na sukari. Sukari yote ilikorogwa majini, miche ya maembe ikamwagiwa. Maji yale mazito yalivuta maji kutoka mizizini badala ya kuinywesha, na sisimizi wakamalizia. Zadock, binamu yake, hakubaki na mche hata mmoja.

Bi. Teresia aliona aibu iliyomkosesha usingizi. Tulimwambia kuteleza si kuanguka, hakutusikia. Alipeleka miche mipya kwa mikono ya wenzake, yeye asikanyage. Kwenye harusi ya binti wa Zadock alituma leso tu. Akielekea Hola, kila alipofika njia panda ya Kulesa alishusha kioo cha kofia ya pikipiki asijulikane.

Mwezi uliopita alijikaza, akaenda. Alisimama mbele yao, akaitamka ile sentensi aliyoiruka, akaomba msamaha kwa ajili ya miche. Zadock akamjibu kwamba miche walishaisahau, na siku hizi hukicheka kisa hicho. Kilichowauma ni mtoto wao kuwapita njiani kama mgeni. Hilo ndilo aliombee radhi. Bi. Teresia aliinamisha kichwa. Sisi tuliomsindikiza, tuliokuwa tukimbebea miche miaka yote hiyo, hatukujua pa kutazama.

Tulipanga akistaafu tumrudishe kwao Kulesa kwa gari la ofisi. Zadock amekataa. Anasema watu wa Kulesa watakuja kumchukua wenyewe.

Bi. Teresia, asante kwa kazi yako yote. Siku wakifika, toka nje uwapokee, uso wazi. Tunakuombea maisha marefu na mema, kwenu.